Mtego wa Maji Chini ya Jamvi

Fundi bomba wa Bagamoyo akikuandikia orodha ya vifaa vya choo cha karakana, hataandika mtego. Ataandika trapu, na muuza duka atauliza: pi au esi? Wanaelewana, kwa hiyo sina ugomvi na trapu. Ila mwenye karakana anayetoa fedha hajui ananunua nini. Mtego wa maji ni jina linalomfaa zaidi, mradi asidhani kinachonaswa ni harufu.

Kinachonaswa ni maji yenyewe. Bomba limepindwa makusudi ili kila maji yanapopita, kiasi kidogo kibaki kwenye pindo, kina cha sentimita tano hivi, kama samaki aliyeingia demani. Uchafu unapita, hewa ya karo inagonga maji hayo na kurudi. Pindo hili lilipewa hataza Uingereza mwaka 1775 kwa jina la Alexander Cumming, Mskoti ambaye kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza saa.

Choo cha kukaa huja na mtego ndani ya kauri yake. Sinki la kuchuchumaa mara nyingi halina. Mtego hununuliwa peke yake na kuzikwa chini ya jamvi. (Jamvi la mafundi ni zege la sakafu, si lile la kukalia wageni.) Zege likishamwagwa, kuusogeza ni kazi ya nyundo na tindo. Kwa hiyo sinki linunuliwe mapema, lipimwe umbali wake na ukuta, ndipo mtaro uchimbwe.

Sasa lile swali la dukani. Pi hutoa maji ubavuni, esi huyashusha moja kwa moja chini, na pwani hii kina ni gharama. Bomba la inchi 4 hulazwa kwa mteremko wa takriban 1 kwa 40: kutoka sinki hadi chemba ya nje, tuseme mita 6, limekwisha kushuka sentimita 15. Bado kuna safari ya karo, kisha shimo la kufyonza. Karibu na ufuko maji ya ardhini hayako mbali, hasa masika, na shimo lililochimbwa hadi likayakuta halifyonzi tena, linajaa. Ningechukua pi. Esi ina kasoro nyingine pia: ni rahisi maji yanayoshuka kwa kasi kuyavuta hata yale yaliyopaswa kubaki. Bomba la hewa lililopandishwa hadi juu ya paa hupunguza mvuto huo, nalo nafasi yake hupangwa kabla ya zege.

Mteremko upimwe kwa pimamaji, na mchanga chini ya bomba ushindiliwe vizuri. Ukititia, bomba hufanya tumbo, maji yanalala humo na uchafu unatuama. Huo nao ni mtego, ila hakuna aliyeuomba. Kabla ya kumwaga jamvi, bomba lizibwe upande wa chemba, lijazwe maji na kuachwa, ionekane kama linavuja.

Karakana ikifungwa wiki kadhaa, mtego wa sakafuni kwenye bafu ndio hukauka upesi, na uvundo ukaingia ndani ingawa hakuna kilichovunjika. Jagi moja la maji linatosha. Mafuta kidogo ya kupikia yakimiminwa juu yake huchelewesha kukauka.