Uzito wa Tela la Farasi: Marekani na Uingereza

Tangazo la pikapu nchini Marekani hutanguliza namba moja: uzito ambao gari linaweza kuvuta. Zamani kila kampuni ilijipimia kwa njia yake. Mwaka 2008 wahandisi walitoa kipimo cha pamoja, J2807, kinacholitaka gari lipande na tela mwinuko mrefu wa Davis Dam, Arizona, kiyoyozi kikiwashwa kwa nguvu zote, bila kasi kushuka chini ya kiwango. Ni kipimo kikali, ila ni cha hiari.

Uingereza huanzia kwenye bamba la gari. Limeandikwa uzito wa juu wa gari na shehena yake, kisha uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Tofauti ya hizo mbili ndiyo tela ambalo gari lililojaa linaweza kuvuta. Leseni nayo ilibanwa: waliofaulu mtihani wa gari dogo kuanzia 1 Januari 1997 walihitaji mtihani wa ziada ili wavute tela kubwa, hadi Desemba 2021 sharti hilo lilipofutwa. Kwa maoni yangu lilifutwa kwa hasara ya farasi.

Lakini hatari yenyewe iko kwenye shingo ya tela. Wamarekani hutaka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela iegemee gari, ili tela lisiyumbe kwa mwendo wa kasi. Waingereza hutosheka na 5 hadi 7, na sheria yao huwazuia wavuta tela kupita maili 60 kwa saa. Tela la farasi wawili lenye kilo 2,700 basi hulikalia gari la Mmarekani kwa kilo 270 hadi 405. Mzigo huo hukatwa kwenye uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba, pamoja na abiria, matandiko na maji. Pikapu inayoruhusiwa kubeba kilo 700 hujaa upesi, hata kama tangazo linasema inaweza kuvuta tani nne.

Pande zote mbili hukubaliana kwamba farasi akiwa mmoja asimame upande wa dereva, kwa kuwa barabara huinamia pembeni. Hata hivyo farasi husogea, na uzito wake uko juu. Ndiyo maana naliamini zaidi bamba la Waingereza kuliko tangazo la Wamarekani. Anayevuta tela popote asome bamba, kisha apime gari na tela kwenye mizani, farasi wakiwa ndani.