Agano la Sedekia

Agano la Sedekia ni mapatano ya kuwaacha huru watumwa wa Kiebrania, yaliyofanywa Yerusalemu na mfalme Sedekia wa Yuda pamoja na raia wake, jeshi la Nebukadneza, mfalme wa Babeli, likiwa limeuzingira mji. Habari zake zimo katika Yeremia 34:8–22 (sura ya 41 katika Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki). Ni miongoni mwa toba za uongo zilizo wazi kabisa katika Biblia ya Kiebrania.

Tukio

Torati iliagiza mtumwa Mwebrania atumike miaka 6 na kuachwa huru mwaka wa 7 (Kutoka 21:2, Kumbukumbu la Torati 15:12). Nabii Yeremia anasema mababu hawakuitii amri hiyo. Mji ulipobanwa, wakuu, matowashi, makuhani na watu wengine waliapa hekaluni, wakapasua ndama na kupita katikati ya vipande vyake. Watumwa wakaachwa. Mara jeshi la Farao likatoka Misri, Wakaldayo, yaani jeshi la Nebukadneza, wakaondoka kwa muda (Yeremia 37:5), na mabwana wakawarudisha utumwani watu walewale. Wafafanuzi wengine hudhani watumwa waliachwa kwa sababu chakula kilipungua au walihitajika ukutani. Kwa vyovyote, hofu ilipoondoka, uchaji nao uliondoka.

Ndama na kitenzi

Kwa Kiebrania agano "hukatwa". Desturi ya kupita kati ya vipande yaonekana pia katika Mwanzo 15, na maandishi ya Kiaramu ya Sefire, Syria (karne ya 8 KK), yanamtakia mvunja mkataba akatwe kama ndama. Yeremia anawarudishia waapaji laana hiyohiyo.

Ustadi wa sura uko katika kitenzi *shuv*, kugeuka au kurudi, ambacho ndicho kitenzi cha toba. Watu waligeuka wakatenda haki; wakageuka tena wakalinajisi jina la Mungu; wakawarudisha watumwa; na Mungu atawarudisha Wakaldayo. Kwa kuwa waliwanyima watumwa uhuru, wanatangaziwa uhuru mwingine: wa upanga, tauni na njaa.

Hatima

Mji ulianguka mwaka 587 au 586 KK. Sedekia alikamatwa katika nyika za Yeriko. Alipelekwa Ribla, ambako wanawe waliuawa mbele yake, kisha akapofushwa. Hatima ya watumwa wale haikuandikwa.

Akiolojia

Barua za Lakishi, maandishi ya kale ya Kiebrania juu ya vigae, nyingi zikiwa zimefukuliwa mwaka 1935, zinataja Lakishi na Azeka, miji ileile inayotajwa katika Yeremia 34:7, mstari unaotangulia habari za agano.