Manesi walihitajika, manesi walikuwepo, wakaambiwa wasubiri

SEHEMU YA 1
Wiki hii tunaacha kidogo mambo ya presha na sukari, twende kwenye historia. Nchi ikiingia vitani kuna maneno utayasikia tu: huu si wakati wa kulalamika, tushinde kwanza, mengine tutaongea baadaye. Nataka nikusimulie manesi wawili wa Marekani waliokataa hiyo "baadaye". Mmoja alipigana ili wenzake waruhusiwe kuingia jeshini. Mwingine alikuwa tayari yumo jeshini, akaipinga vita yenyewe. Utajiuliza wanahusianaje. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: DAMU
Tuanze na kitu ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakijua. Kabla hujamwekea mgonjwa damu unaangalia kundi lake, A, B, AB au O, unaangalia Rh, unafanya krosimachi. Rangi ya ngozi ya aliyetoa haimo kwenye fomu, kwa sababu damu yenyewe haina hiyo habari.

Sasa sikia. Mwaka 1941 Msalaba Mwekundu wa Marekani, ukikusanya damu kwa ajili ya jeshi, ulikataa kabisa damu ya watu weusi. Watu wakapiga kelele. Januari 1942 wakakubali kuipokea, lakini iwekwe lebo na kutengwa na ya wazungu. Utaratibu huo ukaendelea hadi 1950, yaani vita imeshaisha miaka mitano! Na mmoja wa waliojenga mfumo wa kukusanya na kuhifadhi damu na plazima alikuwa Dk. Charles Drew, daktari mweusi. Alisema wazi kwamba utengano huo hauna msingi wa kisayansi.

Ukishaelewa hilo la damu, la manesi halitakushangaza.

SEHEMU YA 3: 56
Mabel Staupers alizaliwa Barbados mwaka 1890, akaenda New York akiwa mtoto, akahitimu uuguzi Washington mwaka 1917. Tangu 1934 alikuwa katibu mtendaji wa chama cha kitaifa cha manesi weusi kilichoanzishwa mwaka 1908. Kwa nini walikuwa na chama chao? Kwa sababu majimbo mengi ya kusini, chama cha manesi cha jimbo hakikuwapokea, na bila kupitia jimbo huwezi kuingia chama cha taifa. Mlango umefungwa kwa kufuli mbili.

Mwaka 1941 jeshi likasema sawa, tutachukua manesi weusi. Wangapi? 56. Nchi nzima. Tena wakahudumie wodi za askari weusi tu, kwenye kambi mbili: Camp Livingston kule Louisiana na Fort Bragg kule North Carolina. Jeshi la Wanamaji lenyewe halikuchukua hata mmoja.

Wengi wangemshauri Staupers ashukuru, maana 56 ni bora kuliko sifuri. Yeye aliichukua ile nafasi, manesi wake wakaingia, halafu akaendelea kuipinga ileile idadi. Angalia hapo: hakususa, na hakunyamaza.

SEHEMU YA 4: MATEKA
Kadiri vita ilivyoendelea jeshi liliongeza idadi kidogo kidogo. Lakini baadhi ya manesi weusi walipelekwa kwenye kambi za mateka wa Kijerumani hukohuko Marekani, kama ile ya Florence, Arizona. Fikiria umejiandikisha ukauguze vijana wa nchi yako, unapangiwa kumuuguza adui, kwa sababu wakubwa hawataki umguse askari mzungu wa kwenu.

Usinielewe vibaya. Mateka akiumwa anauguzwa, hiyo ndiyo kazi yetu na haina mjadala. Kilichowauma ni sababu ya kupangiwa huko.

Na haikuwa kwa manesi tu. Mwaka 1944 koplo mmoja mweusi, Rupert Trimmingham, aliandika barua kwenye jarida la jeshi liitwalo Yank. Alikuwa safarini na askari wenzake wanane, wakafika stesheni ya treni Louisiana. Wakaambiwa chakula watakipata jikoni, kwa mlango wa nyuma. Muda si mrefu wakaingia mateka wa Kijerumani kama dazeni mbili na walinzi wao, wakakaa mezani, wakahudumiwa. Yeye na wenzake wanawatazama tu, wamevaa sare ya nchi yao.

Magazeti ya watu weusi yalikuwa yameshaanza kudai ushindi mara mbili: dhidi ya ufashisti nje, na dhidi ya ubaguzi nyumbani. Wapo waliowaita wasaliti. Hebu niambie wewe, nani hapo aliyekuwa anaisaliti nchi?

SEHEMU YA 5: JANUARI 1945
Novemba 1944 Staupers alikutana na mke wa rais, Eleanor Roosevelt. Akamweleza yote: idadi ndogo, kambi za mateka, wenzake waliohitimu na wanaokataliwa.

Tarehe 6 Januari 1945 Rais Roosevelt akaliambia Bunge kwamba manesi hawatoshi, na akaomba sheria ya kuwaingiza jeshini kwa lazima. Yaani wanataka kumlazimisha asiyetaka, wakati anayetaka yuko mlangoni ameshika cheti mkononi.

Siku hizohizo Mganga Mkuu wa Jeshi, Norman Kirk, alikuwa anazungumza kwenye mkutano New York kuhusu upungufu huo. Staupers akasimama katikati ya watu na kumuuliza: kama manesi wanahitajika kiasi hicho, mbona hamuwatumii weusi? Ukumbi mzima ukasikia. Magazeti yakaandika. Simu za maandishi zikamiminika Ikulu kutoka kwa watu wa rangi zote.

Tarehe 20 Januari Kirk akatangaza kwamba jeshi litapokea manesi bila kujali rangi. Siku chache baadaye Jeshi la Wanamaji likafuata, na tarehe 8 Machi Phyllis Mae Dailey akawa nesi mweusi wa kwanza kuapishwa humo.

Lakini tusidanganyane. Hadi vita inaisha, manesi weusi waliohudumu jeshini walikuwa kama 500, kati ya zaidi ya 50,000. Mlango ulifunguka watu wakiwa wanajiandaa kurudi nyumbani. Hicho ndicho "baadaye" humaanisha. Chama cha manesi cha taifa kiliwafungulia mlango mwaka 1948, na mwaka 1951 Staupers na wenzake wakavunja chama chao, kwa kuwa kazi waliyokiundia ilikuwa imetimia.

SEHEMU YA 6: VIPEPERUSHI
Miaka ikapita, vita nyingine, Vietnam. Aprili 1967 Martin Luther King aliipinga hadharani akiwa kanisa la Riverside, New York. Hata baadhi ya wenzake kwenye harakati walimwambia asichanganye haki za raia na vita.

Kule Oakland, California, Susan Schnall alikuwa luteni na nesi wa Jeshi la Wanamaji, hospitali ya Oak Knoll. Baba yake aliuawa Guam mwaka 1944, vita ileile ya kina Staupers. Wodini alikuwa akipokea vijana waliorudi wamekatika miguu na mikono. Oktoba 1968 alipanda ndege ndogo, akadondosha vipeperushi vya kutangaza maandamano ya amani juu ya kambi za jeshi za eneo lile, hospitali yake ikiwemo. Siku mbili baadaye akaandamana San Francisco akiwa na sare.

Akafikishwa mahakama ya kijeshi. Hoja yake ilikuwa fupi: kama Jenerali Westmoreland anaweza kusimama Bungeni na sare yake akiitetea vita, kwa nini mimi nisivae yangu kuipinga? Wakamhukumu miezi sita na kumwondoa jeshini.

SEHEMU YA 7
Sasa kwa nini nimewaweka pamoja? Mmoja anataka kuingia, mwingine anataka vita iishe. Lakini wote walianza na wanachokijua wodini. Staupers alijua mgonjwa anakosa nesi aliyepo. Schnall alijua vile vidonda vinatoka wapi. Na wote walisema wakati wa vita, wakati ambao kusema huonekana utovu wa uaminifu.

Sisi tunafundishwa kumsemea mgonjwa. Watu hudhani hiyo inaishia kwenye kumwita daktari usiku. Hao dada zetu waliipeleka mbali zaidi, na iliwagharimu.

Kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia "si wakati wake", muulize kwa upole: wakati wake ni lini? Akishindwa kutaja tarehe, umeshapata jibu.

Nasubiri maoni yenu, hasa manesi wenzangu. Mlioko zamu usiku huu, kazi njema.