Oduya, difenda mwenye damu ya Kenya aliyehamahama katika viwanja vya barafu

WAKAZI wa Meru na Embu wana barafu mbele ya macho yao kila asubuhi mawingu yanapofunguka. Kilele cha Batian katika Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimaara, kina urefu wa mita 5,199. Chini ya barafu ya Lewis pana kidimbwi ambacho wapanda milima hukiita Curling Pond, jina linalotokana na mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu. Hata hivyo, mlima huo, ambao barafu yake imekuwa ikiyeyuka kwa zaidi ya karne moja, haujatoa mwanamichezo wa kulipwa wa barafuni. Mwenye asili ya Kenya aliyefika mbali zaidi katika mpira wa magongo wa barafuni alizaliwa Stockholm, Uswidi.

Huyo ni Johnny Oduya, aliyezaliwa Oktoba 1, 1981, baba yake akiwa Mkenya na mama yake Mswidi. Alistaafu akiwa ametwaa Kombe la Stanley mara mbili na kuchezea klabu sita za ligi ya NHL, bila kuhesabu zile za Uswidi. Alikuwa mlinzi, kazi isiyoimbiwa nyimbo popote.

Katika mchezo huu kila upande huwa na wachezaji sita, kipa akiwemo, wanaoteleza kwa viatu vyenye vyuma vikali. Hawapigi mpira wa duara bali kisahani cha mpira mgumu chenye uzani wa gramu 170 hivi. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Kwa kuwa mbio zake huchosha upesi, wachezaji hubadilishana kila baada ya sekunde chache, na walinzi huingia wawili wawili. Msimu wa kawaida wa NHL ulikuwa na mechi 82 kwa kila timu katika miaka mingi ya Oduya, zikigawanywa kati ya miji ya Marekani na Kanada, hivi kwamba mchezaji huzoea begi kuliko kitanda chake.

Njia ilifunguliwa na kaka yake, Fredrik, aliyeteuliwa na San Jose Sharks mwaka 1993 na kuhangaika miaka kadhaa katika ligi ndogo za Amerika Kaskazini bila kupata nafasi NHL. Johnny naye alivuka bahari akiwa kijana na kucheza katika ligi ya vijana ya Quebec, akiwa na Moncton na kisha Victoriaville. Katika uteuzi wa chipukizi wa mwaka 2001, wachezaji 220 waliitwa kabla ya Washington Capitals kulitaja jina lake. Klabu hiyo haikumpa kandarasi.

Alirudi nyumbani. Alianza upya katika daraja la pili akiwa na Hammarby, akapanda hadi Djurgården mwaka 2003, kisha Frölunda msimu wa 2005-06. New Jersey Devils walipomchukua mwaka 2006 alikuwa anaelekea umri wa miaka 25, umri ambao wengi walioachwa kama yeye huwa wamekwisha kutafuta kazi nyingine.

Mwaka 2009 Devils walimwongezea kandarasi ya miaka mitatu yenye thamani ya dola milioni 10.5. Msomaji angedhani kwamba hapo mtu hujenga nyumba. Sivyo. Katika ligi hiyo klabu hubadilishana wachezaji pamoja na kandarasi zao, na asiye na kifungu cha kumkinga haulizwi kama anapenda kuhama. Februari 4, 2010, Oduya, wenzake wawili na haki za kuteua chipukizi walipelekwa Atlanta Thrashers ili New Jersey impate Mrusi Ilya Kovalchuk, mfungaji mashuhuri. Mwaka uliofuata klabu ya Atlanta yenyewe iliuzwa na kuhamishiwa Winnipeg, Kanada. Safari hii mchezaji hakubadilisha timu. Timu ndiyo iliyobadilisha mji.

Ni huko Winnipeg alikofikiwa na msiba. Novemba 2011 Fredrik alifariki katika ajali ya pikipiki nchini Uswidi, akiwa na umri wa miaka 36.

Februari 2012 aliuzwa tena, mara hii kwa Chicago Blackhawks, kwa haki mbili za kuteua chipukizi. Bei hiyo ndogo ilikuja kuonekana kama zawadi. Katika mechi ya sita ya fainali ya 2013 dhidi ya Boston, Chicago walikuwa nyuma 2-1 dakika za mwisho. Bryan Bickell alisawazisha, na sekunde 17 baadaye mkwaju wa Oduya kutoka mbali ukamfikia Dave Bolland, aliyefunga bao la ushindi. Februari 2014 Oduya alipata nishani ya fedha ya Olimpiki na Uswidi mjini Sochi, na 2015 Chicago wakatwaa kombe tena, kocha Joel Quenneville akiwategemea zaidi walinzi wanne, Oduya akiwemo.

Ukomo wa mishahara ukamwondoa mwaka huo huo. Alikwenda Dallas Stars, akarudishwa Chicago Februari 2017, akasaini na Ottawa Senators kwa mwaka mmoja, na Februari 2018 Philadelphia Flyers wakamchukua baada ya Ottawa kumwachilia. Huko hakucheza sana.

Nchini Kenya uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Nairobi, ulifunguliwa mwaka 2005, ukiwa mdogo kuliko kipimo rasmi. Ndiko ilikozaliwa timu ya Kenya Ice Lions, iliyozuru Kanada mwaka 2018 na kucheza pamoja na Sidney Crosby. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.