Majina Yaliyokuwa Daftarini

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kupeleka askari Ceylon, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hawakuzikwa, bahari iliwachukua. Lakini majina ya askari hao yamechongwa kwenye mnara ulioko katika makaburi ya vita ya Nairobi, na mjukuu anaweza kuweka kidole juu ya jina la babu yake. Miaka 27 kabla ya hapo, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vijana wa Uzaramo walikufa nchi kavu, wengine mwendo wa siku chache tu kutoka kwao, nao hawana kaburi wala jina.

Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 4 Septemba 1916. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Rufiji, na vita vikavuka nchi ya Wazaramo, ambamo ndimo zilimo Kisarawe, Masaki na Maneromango. Malori hayakufaa kitu kwenye tope la masika, na wanyama wa mizigo walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Kijana wa huku angeweza kukamatwa na Wajerumani wakirudi nyuma, au na Waingereza wakija mbele, abebeshwe mzigo wa kilo 25 na posho yake juu. Risasi haikuwa adui yake mkubwa. Unga wa mahindi usioiva, ukiliwa na watu waliochoka waliokosa kuni kavu na muda wa kupika, ulileta kuhara damu, na mvua za 1917 zikaongeza homa ya mapafu na malaria. Serikali ya Uingereza ilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000 upande wake. Mwanahistoria Geoffrey Hodges aliona idadi halisi inakaribia 100,000.

Ukiuliza kwa nini majina ya wapagazi hao hayakuchongwa popote, jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba hayakujulikana. Nalikataa. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichosimamiwa na Oscar Watkins kiliwapa watu namba na vipande vya chuma vya kuvaa, na kilikuwa na madaftari ya mishahara. Baada ya vita serikali zilibishana kwa miaka kuhusu fedha za mishahara ambazo hazikuwa zimechukuliwa. Huwezi kubishana juu ya mshahara wa marehemu bila kwanza kuwa na hesabu yake, na hesabu ya mshahara hufunguliwa kwa jina. Miaka ya karibuni kumbukumbu zenye majina zaidi ya 3,000 zimepatikana katika hifadhi za jeshi la Kenya. Ripoti ya 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba waliokufa wapatao 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa watu wa Afrika Mashariki na Wamisri. Kwa upande wa Wajerumani hali ni mbaya zaidi, kwani wapagazi wao hawakuwekewa hata hesabu ya kuaminika.

Wapo watakaosema mila zetu hazihitaji jiwe, kwamba ukoo hukumbuka kwa tambiko na kwa hitima. Hoja hiyo ina uzito, ila nina wasiwasi nayo, kwa sababu maofisa wa kikoloni waliitumia hiyo hiyo: Mwafrika hataelewa kaburi lenye jina, basi mnara mmoja unatosha. Ndiyo maana Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, inawataja wapagazi kwa jumla bila jina hata moja. Tena hitima yenyewe husomwa baada ya habari ya kifo kufika. Kwa familia ya Kiislamu, na Uislamu ulikuwa umeshaenea sana Uzaramo, mume aliyepotea si sawa na mume aliyekufa. Mke hajui aanze eda lini, mirathi haigawanywi, na mama anaendelea kumwekea mwanawe chakula. Habari iliyokuwa kwenye daftari ofisini ndiyo iliyohitajika nyumbani.

Wala gharama si kisingizio. Mwaka 1968, barabara mpya ilipojengwa Dar es Salaam, makaburi 660 ya vita hivyo yalihamishwa kutoka Ocean Road, na miaka ya 1970 yakaongezwa mengine kutoka Kilwa Kivinje, Lindi na kwingineko. Mifupa ilisafirishwa mamia ya kilomita ili itunzwe vizuri. Ilikuwa kazi ya heshima. Kunakili majina kutoka daftarini kungegharimu karatasi na karani mmoja, na kazi hiyo bado inawezekana: majina yaliyopatikana yapangwe kwa wilaya, kisha orodha ya Uzaramo ipelekwe Kisarawe ikasomwe vijijini, wazee wangali hai wanaoweza kusema huyu ni wa ukoo gani.