Samaki wa Mto Athi na Urithi Wao

Ewe msomaji, ukisafiri kwa barabara itokayo Machakos kwenda Kitui, utapita Wamunyu, mji wenye sifa ya uchongaji. Habari yake yajulikana mbali. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa toka 1914 hata 1918, Mkamba mmoja wa hapa, Mutisya Munge, alikwenda Tanganyika, akajifunza huko kazi ya vinyago, akarudi nayo kwao na kuwafundisha wengine. Wachongaji walipenda zaidi mpingo na mhugu. Miti hiyo ilipoadimika, wakashika mjakaranda, mwembe na mwarobaini, na kazi ikaendelea. Kama wangaliujua mti mmoja tu, siku ulipopungua mikono yao ingalikaa bure.

Nakuomba uliweke jambo hilo moyoni, maana ndilo litakalotufumbulia habari ya samaki.

Mashariki ya Wamunyu unapita Mto Athi. Vijito vyake vyatoka Ngong na nyanda za juu karibu na Nairobi. Mto wenyewe wauzunguka mlima wa Ol Donyo Sabuk, wapita Ukambani, nao ukisha kukutana na Tsavo huitwa Galana, na mwisho Sabaki, hata umwage maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Humo huishi perege wa asili ambaye wataalamu humwita Oreochromis spilurus. Ukimwona sokoni huenda usimjali, kwa kuwa kwa macho yetu perege wote ni mamoja. Lakini sivyo.

Kila kiumbe hupokea kwa wazazi wake chembe za urithi, nazo ndizo ziamuazo umbo lake, rangi yake, na nguvu yake ya kustahimili joto, maradhi au njaa. Watoto wa tumbo moja hawafanani, na samaki wa mto mmoja vile vile hawafanani. Tofauti hizo ndizo akiba yao. Mwaka wa ukame huwaua wengine, na wale wenye urithi wa kustahimili husalia wakazaa. Basi maji, joto, chumvi na matope huwachagua samaki kizazi baada ya kizazi, kama mkulima achaguavyo mbegu.

Ukitaka kuona nguvu ya jambo hilo, twende Magadi. Yapata miaka 10,000 iliyopita palikuwa na ziwa kubwa, na maji yake hayakuwa makali kama ya leo. Nchi ikakauka, ziwa likapungua, na magadi yakabaki yameganda kama sakafu nyeupe. Hata hivyo, katika chemchemi za kando yake wamo perege wadogo waishio katika maji ambayo mahali pengine hupita digrii 40 za joto. Samaki wengi hutoa taka ya miili yao kwa amonia. Perege wa Magadi hutoa urea, kama tufanyavyo wanadamu, kwa maana katika maji yale ya magadi amonia haitoki mwilini kwa urahisi. Tena, kwa kuwa chemchemi zimetengwa na magadi makavu, samaki wa chemchemi moja wameanza kutofautiana kwa urithi na jamaa zao wa chemchemi nyingine. Ukali wa maji umewachagua, na utengano umewatenga.

Lakini kile kilichojengwa kwa maelfu ya miaka chaweza kubomoka katika maisha ya mtu mmoja. Ushahidi wake uko Naivasha.

Zamani ziwa hilo lilikuwa na aina moja tu ya samaki, mdogo sana. Mwaka 1925 walitiwa humo perege wa aina ile ile iliyo asili ya Athi. Miaka michache baadaye akatiwa samaki mkali kutoka Marekani, kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa ndoana kama mchezo. Mwaka 1956 wakaletwa perege wa aina nyingine, na kati yao, pasipo kukusudiwa, wakawamo wa aina ya tatu, Oreochromis leucostictus, ambao asili yao ni maziwa ya magharibi ya Uganda. Waliotia samaki hao hawakuwa na nia mbaya. Walitaka ziwa liwape watu chakula.

Sasa angalia yaliyofuata. Perege wa Athi na yule mgeni wa Uganda walikuwa ndugu wa mbali, wasiopata kukutana kwa kuwa milima na mabonde yaliwatenga. Walipowekwa katika maji mamoja, walizaana. Mwaka 1961 wataalamu walitangaza kwamba wamewaona machotara wao Naivasha. Mwaka huo huo mvua kubwa zilinyesha Kenya, na ziwa, ambalo lilikuwa limeshuka sana, likajaa tena na kufunika pwani zake. Mgeni ni samaki apendaye maji mafupi yenye majani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 perege wa asili ya Athi hakuonekana tena Naivasha, na hata wale machotara walitoweka. Na yule samaki mdogo, mwenye ziwa, alionekana mara ya mwisho mwaka 1962.

Labda utasema, msomaji, kwamba hasara si kubwa, maana samaki wangaliko ziwani. Kweli wako. Lakini kuwa na samaki wengi si sawa na kuwa na samaki wa namna nyingi. Fikiri tena juu ya mchongaji aliyebakiwa na mti mmoja.

Hata bila mgeni, maji yenyewe yakichafuka yaweza kuharibu urithi. Katika Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, wako samaki wadogo wawili walio ndugu. Mmoja jina lake la kitaalamu ni Pundamilia pundamilia. Wa pili ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Dume wa kwanza ni wa buluu, wa pili ana wekundu, na majike humjua dume wao kwa rangi. Maji yakiwa maangavu, kila aina hushika njia yake. Pale yalipojaa matope na uchafu, rangi hazionekani vema, majike hukosea, na aina mbili huchanganyika zikawa moja. Wataalamu walieleza jambo hili mwaka 1997. Basi shamba lililolimwa vibaya mlimani, udongo wake ukachukuliwa na mvua, laweza kufuta ziwani tofauti zilizofanyika katika vizazi vingi.

Sasa turudi Wamunyu. Mto Athi hupokea maji ya mito ya Nairobi, pamoja na taka zake. Tena tangu mwaka 2009 serikali ya Kenya ilihimiza uchimbaji wa mabwawa ya samaki, mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140. Kazi hiyo ilikuwa njema, maana mtoto alaye samaki hukua vizuri. Lakini perege afugwaye zaidi ni yule wa Nile, asiye wa asili ya Athi, naye huzaana kwa urahisi na ndugu zake. Bwawa likifurika wakati wa masika, samaki hawangoji ruhusa; huingia kijitoni, na kijito huenda mtoni. Habari ya Naivasha yaweza kurudiwa hapa.

Wala usidhani kwamba perege wa Athi ni mali ya wavuvi peke yao. Huyu amezoea mto ambao hujaa kwa ghafula na kupungua kwa miezi mingi, katika nchi ya jua kali. Siku hali ya nchi itakapokuwa ngumu zaidi, huenda urithi wake ndio utakaotafutwa na wafugaji. Ukiwa umekwisha kupotea, hapana fedha itakayoununua, kwani maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo, msomaji, mabwawa na yachimbwe, lakini yachimbwe mbali na njia ya mafuriko, na midomo yake iwekwe nyavu. Miteremko na ipigwe matuta, jambo ambalo watu wa Machakos walilifahamu zamani kuliko wengi. Na siku utakapouvuka mto huo, simama kidogo darajani utazame chini. Wale wapitao majini ni wazee kuliko mji wa Wamunyu, kuliko barabara, na kuliko daraja uliyosimama juu yake.