Kipindi cha Dini Katika Shule za Misheni Tanganyika

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja mwaka 1868 na kujenga Bagamoyo makao ya watoto waliokombolewa utumwani, hawakuweka mpaka baina ya elimu ya dini na maarifa ya dunia. Sala ya alfajiri, katekisimu, herufi, useremala na jembe vilihesabiwa vyote kuwa malezi mamoja. Huko bara, Mapadre Weupe, wakifuata agizo la Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, waliwaweka mafundishoni kwa miaka minne wote walioomba ubatizo, na shule zao za vijijini, zilizoezekwa nyasi, ziliongozwa na mwalimu wa dini ambaye aghalabu elimu yake mwenyewe haikupita kusoma, kuandika na hesabu ndogo. Walimu hao taarikhi imewapunja haki yao, ilhali ni wao waliowazoeza watoto wa vijiji vingi kukishika kitabu.

Mambo yaligeuka baada ya Tume ya Phelps-Stokes, iliyochunguza elimu ya Waafrika, kuizuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924. Waraka wa serikali ya Kiingereza wa mwaka 1925 ulitamka kwamba mafundisho ya dini yawe na daraja sawa na masomo mengine. Lakini sheria ya elimu ya Tanganyika ya mwaka 1927 ilipozifungulia misheni mlango wa ruzuku, fedha zilifuata masomo aliyoyapima mkaguzi na walimu wenye vyeti, na dini, iliyokuwa sababu yenyewe ya kusoma, ikawa kipindi miongoni mwa vipindi. Agosti 1928, Monsinyori Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwausia maaskofu waliokutana Dar es Salaam washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote, na endapo hawataweza kuhubiri na kusomesha kwa pamoja, basi makanisa yasubiri ili shule zikamilike. Ni usia mzito kutoka kinywani mwa padre, nami nauona kuwa wa haki, kwani bila ya huo wana wa Wakatoliki wangalibaki nje ya elimu ya juu; lakini gharama yake iliwaangukia wale walimu wa vijijini, ambao shule zao hazikustahiki ruzuku.

Sheria ya mwaka 1969 ilipozitwaa shule za misheni, chini ya Rais Nyerere aliyepata kusomesha St. Mary's ya Tabora na St. Francis ya Pugu, kipindi cha dini hakikufutwa; wanafunzi waligawanyika kila mmoja kwa imani yake, na kwa Wakatoliki aliyeingia darasani mara nyingi alikuwa katekista wa parokia, asiyelipwa na Wizara ya Elimu.